Mchezo Wenye Maisha Matatu



Leo nataka tuzungumze habari za mchezo wa kupiga risasi. Najua wako akina mama watakaouliza, Je, gazeti la familia limeishiwa na maneno mema hata lituletee habari za bunduki? Vumilia kidogo, mama. Mchezo huu umekwisha kuingia katika nyumba nyingi za vijijini, na wanaoucheza ni watoto wetu wenyewe tuliowapeleka kubatizwa. Kitu kinachokaa ndani ya nyumba yako yafaa ukijue, kama umjuavyo mbwa wako na jogoo wako.

Mchezo wenyewe unaitwa Contra. Vijana waliokua miaka ya 2000 wanaujua sana. Mtu mmoja asiye na shati, mwenye bunduki, anakimbia msituni kutoka kushoto kwenda kulia. Maadui wanamjia mbele na nyuma, naye anapiga, anaruka, anajilaza chini, anaendelea. Hiyo ndiyo hadithi yake yote. Nilipokuwa mvulana niliucheza Mugumu katika kibanda umiza, mahali ambapo jenereta ilinguruma nje na sisi tulibanana ndani juu ya mabenchi. Tulitoa sarafu ya shilingi hamsini, na ukifa zamu yako imekwisha, mwingine anashika pedi.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, mtoto wa kaka yangu alirudi kutoka Mwanza kuja kutusalimu hapa Issenye. Katika mizigo yake alikuwa na mashine ndogo ya gemu aliyoinunua mnadani, imechakaa, pamoja na televisheni ya chogo. Basi jioni tatu nilikaa na watoto wa nyumbani tukaucheza mchezo ule wa zamani. Nilitaka kujua mambo mawili: umewezaje kudumu miaka mingi namna hii, na unawafundisha nini watoto.

Kwanza yafaa tujue asili yake. Mchezo huu ulitengenezwa Japani na kampuni ya Konami. Mwaka 1987 ulitolewa katika mashine kubwa za kuwekea sarafu, na mwaka 1988 ukatengenezewa mashine ndogo ya nyumbani ya kampuni ya Nintendo. Mashine hiyo ndogo ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Julai mwaka 1983, na jina lake maana yake ni kompyuta ya familia. Mwaka 1984 waliiuzia hata kibodi, ili mtoto aweze kujifunza kuandika programu mwenyewe. Akili yake ilikuwa ndogo mno. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilitosha herufi elfu mbili tu na kidogo, yaani aya chache za makala hii unayoisoma. Ndani ya nafasi hiyo nyembamba watengenezaji waliendesha msitu, maporomoko ya maji, theluji na majitu ya kutisha.

Huko Ulaya nako watu walikuwa na kompyuta za nyumbani. Sinclair wa Uingereza alitoa ZX Spectrum mwaka 1982. Michezo yake ilihifadhiwa katika kanda za kaseti, zile zile tulizokuwa tukisikilizia nyimbo za kwaya. Mtoto aliweka kanda, akabonyeza, akangoja dakika kadhaa huku ikipiga makelele, ndipo mchezo ukaanza. Kanda nyingine ziliuzwa bei ndogo, pauni moja na senti tisini na tisa, hata katika vituo vya mafuta na maduka ya magazeti, ili mtoto aweze kununua kwa fedha yake ya mfukoni. Contra nayo iliingia katika kompyuta hizo, ikiitwa kwa jina la Gryzor.

Sasa waweza kuuliza, mbona kwetu ulichelewa? Sababu zipo. Wizara yetu ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini bila ruhusa maalumu. Televisheni vile vile. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata mwaka 1994. Kwa hiyo mtoto wa Uingereza alipokuwa akimkimbiza askari wake katika kioo, mtoto wa Issenye alikuwa akichunga ndama na kulenga njiwa kwa manati.

Milango ilipofunguliwa, mashine zilizotufikia zilikuwa za kuigiza, zilizotengenezwa China na Taiwani kwa bei nafuu. Nyingine zilikuwa na umbo la kibodi, hata mzazi akadhani ananunua kompyuta ya masomo. Juu ya kaseti yake iliandikwa kwamba ndani mna michezo 9,999. Sisi tulifurahi sana kuona tarakimu hiyo. Lakini ukianza kuihesabu wagundua ni michezo michache tu inayorudiwa chini ya majina mbalimbali. Hapo watoto wetu walipata somo la kwanza bila mwalimu: tangazo la mfanyabiashara sharti lihesabiwe, lisisadikiwe tu.

Tulipoanza kucheza, nilistaajabu jinsi mchezo ulivyo mgumu. Risasi moja tu yakuua. Hakuna dawa wala nafasi ya pili, umeguswa umekufa. Unapewa maisha matatu, na mtu asiyeuzoea huyamaliza kabla uji haujachemka jikoni. Tena maadui hawaishi. Ukisimama mahali pamoja wanaendelea kuja. Binti yetu mdogo, mwenye miaka tisa, aliniuliza, "Baba mdogo, mbona hawa watu hawaishi?" Nikamwambia, "Hawaishi kwa sababu wewe umesimama. Ukisonga mbele utawaacha."

Mzee jirani yetu alikuja kuwasha simu yake umeme, akakaa kututazama. Ninyi mnajua kwamba wazee wa hapa walikuwa wawindaji, wakizijua njia za nyumbu na upepo unakotoka. Alimtazama mtu wa Contra kwa muda, kisha akasema, "Huyu mtu wenu anakimbia mno. Mwindaji asiyetazama nyasi kabla ya kukanyaga, nyumbani kwake hawali nyama." Watoto wakacheka. Lakini ilipofika usiku wa pili waliona kwamba mzee amesema kweli. Askari wa mchezo hutokea mahali pale pale kila siku, na mzinga hufunguka kwa kipimo kile kile. Anayetazama na kukumbuka hupita. Anayefyatua ovyo hufa pale pale alipofia jana.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kurudia, mradi kila mara anayorudia aone kwa nini alishindwa. Mchezo huu wafanya hivyo kwa ukali. Kosa lake mtoto analiona mara moja, wala hawezi kumsingizia mwenzake. Nilimwona kijana wetu wa miaka kumi na mitatu akishindwa mara kumi na moja mahali pamoja, akinyamaza, akifikiri, halafu mara ya kumi na mbili akapita. Ningefurahi kuona uvumilivu huo katika hesabu za sehemu. Na nilimwambia hivyo.

Nataka sasa kueleza jambo lililonigusa kuliko yote. Mchezo huu waweza kuchezwa na watu wawili pamoja. Katika hatua ya tatu wanapanda maporomoko ya maji, wakiruka jiwe hadi jiwe. Kioo nacho kinapanda kumfuata aliye juu. Basi yule wa juu akienda mbio, wa chini anatoka nje ya kioo, na akitoka anakufa. Hakuna adui aliyempiga. Ameuawa na haraka ya mwenzake.

Kijana wetu ni hodari, alipanda kama nyani. Dada yake mdogo alibaki chini akafa, akafa tena, akafa mara ya tatu. Akaweka pedi chini, akatoka kwenda kukaa na mama yake jikoni. Kijana akaendelea peke yake, lakini hakufika mbali, kwa maana pale juu kabisa mna adui mkubwa mwenye mikono mirefu, naye alikuwa peke yake mbele yake. Alipokufa nilimwuliza, "Je, umeshinda?" Akasema, "Hapana, baba mdogo." "Na dada yako yuko wapi?" Akanyamaza.

Sikumpa hotuba. Kesho yake alimwita mwenyewe. Akaruka jiwe moja, akangoja. Akampigia risasi adui aliyemkabili dada yake, akangoja tena. Tena kuna herufi moja, S, inayopita hewani, na anayeidaka anapata bunduki ya kutawanya risasi tano kwa pamoja. Siku ya kwanza walikuwa wakiigombea hata wakasukumana mabega. Siku hiyo kijana alimwachia dada yake kwa kuwa ndiye aliyekuwa dhaifu. Wakafika juu wote wawili. Makelele ya furaha yaliyotoka nyumbani mwetu yalimfanya mzee jirani aje kuuliza kama kuna harusi.

Ndugu msomaji, nimeyafikiri sana maporomoko yale. Je, si hivyo ilivyo katika ukoo? Mmoja anapata kazi mjini, au anauza ng'ombe vizuri, au anasomeshwa kwa fedha ya wote. Anapanda. Kioo kinapanda pamoja naye: bei ya mahari inapanda, gharama ya arusi inapanda, michango inapanda, na kila mtu anapimwa kwa kimo chake yeye. Walio chini hawakupigwa na adui yeyote. Wameachwa tu. Hata katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo nimeona mjane anaacha kuja kwa sababu mchango umewekwa kwa kipimo cha mwenye duka. Anayepanda na apande, Mungu ambariki. Lakini akifika jiwe la juu ageuke atazame chini kabla hajaruka tena.

Sasa nije kwenye neno la bunduki, maana sitaki kulikwepa. Mkoa wetu wa Mara umeona mishale na bunduki za kweli. Umeona wizi wa mifugo na ugomvi wa koo. Mimi ni karani wa parokia, kazi yangu ni kuandika vitabu. Katika kitabu cha ubatizo kila mtu ana mstari mmoja, na katika kitabu cha marehemu vile vile mmoja. Nimewahi kumwandika katika kitabu cha pili kijana aliyeuawa kwa mshale usiku katika ugomvi wa ng'ombe, na nilipofungua cha kwanza kutafuta jina lake nilikuta mstari wake wa ubatizo umeandikwa na karani aliyenitangulia, kwa wino uliokuwa bado haujafifia. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi akingoja karatasi.

Katika Contra mtu ana maisha matatu. Tena kuna siri maarufu. Katika picha ya mwanzo ukibonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A, unapewa maisha thelathini. Siri hiyo ilibuniwa na mtengenezaji mmoja Mjapani, Kazuhisa Hashimoto, aliyefariki mwaka 2020. Mwaka 1986 alikuwa akiutayarisha mchezo mwingine, uitwao Gradius, na alipoujaribu aliona ni mgumu mno, hata yeye hauwezi. Akajiwekea njia ya kujisaidia. Siri ikabaki ndani, ikapita mchezo hadi mchezo, hata ikafika katika vibanda vyetu, ambapo watoto wasiojua Kijapani wala Kiingereza waliikariri kama majibu ya misa.

Nilikaa na watoto nikawauliza, "Hawa mnaowapiga wana mama?" Wakacheka kwanza. Kisha wa kiume akasema, "Hao si watu, ni gemu." Nikasema, "Vema. Na mtu wa kweli ana maisha mangapi?" "Moja." "Na siri ya juu juu chini chini ipo?" "Haipo." Hapo hakucheka mtu. Nami nikaona kwamba wameelewa kuliko kama ningeuvunja mchezo ule kwa nyundo.

Hata mataifa makubwa yamehangaika na jambo hili. Mchezo huu ulipotolewa kwa mashine za Nintendo za Ulaya mwaka 1990, waliwaondoa watu wakaweka mashine zenye umbo la mtu, wakaupa jina jingine, Probotector. Walifanya hivyo kwa sababu ya sheria za Ujerumani za kuwalinda vijana na picha za watu kuuana. Sisi hatukuletewa mashine hizo. Tuliletewa watu. Basi kazi iliyofanywa kule na sheria, hapa sharti ifanywe na baba na mama, kwa kukaa na mtoto na kumwuliza maswali. Mtoto mdogo sana asiyeweza bado kutenga gemu na kweli, huyo aachwe kwanza akue.

Lakini nisikudanganye, msomaji. Nilipotazama pande zote, niliona kwamba hofu yetu wazazi mara nyingi imeelekezwa mlango usiopitwa na mwizi. Twawakemea watoto kwa sababu ya Contra, huku mashine nyingine imekaa barazani mwa duka, inawaka taa za rangi, nasi twapita pembeni yake bila neno. Nasema habari za mashine za kamari, zile ambazo vijana huziita dubwi. Zinakula sarafu ya shilingi mia mbili. Mtoto anatumwa mashineni kusaga mahindi, anapita hapo, anarudi na mahindi yasiyosagwa na uongo uliosagwa vizuri. Na nisiwaseme watoto tu. Nimeona mtu mzima, mwenye mke na watoto, akiinuka mbele yake jioni mifuko ikiwa mitupu, siku ile ile aliyouza debe za mtama.

Linganisha mashine hizi mbili. Contra ina hatua nane. Ukizimaliza, mchezo umekwisha, unazima televisheni na kwenda kulala. Dubwi haina mwisho. Katika Contra, aliyecheza mwezi mzima ni hodari kuliko aliyeanza leo. Mbele ya dubwi, mzoefu na mgeni ni sawasawa, maana mashine imepangwa tangu kiwandani imfae mwenye nayo. Contra humwonyesha mtoto kosa lake ili alirekebishe. Dubwi humwambia, "Ulikaribia, ongeza sarafu." Ya kwanza yaweza kula muda wako, na muda ni mali, simkatalii mtu. Ya pili hula muda, na chumvi, na ada ya shule, na amani ya nyumba.

Sheria ipo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo itoayo leseni. Kwa hiyo mwenye duka anayemwachia mtoto wa sare ya shule aweke sarafu, anavunja sheria ya nchi, mbali na sheria ya Mungu. Mwenyekiti wa kitongoji aweza kuambiwa. Baraza la kijiji laweza kulizungumza. Tusingoje mpaka mtoto aibe kuku.

Kwa hiyo nawashauri hivi, ninyi akina baba na akina mama. Kama nyumbani mna gemu, kaeni nayo kwanza ninyi wenyewe jioni moja, hata kama vidole vyenu ni vizito na watoto watawacheka. Kuchekwa na mwanao hakukupunguzii heshima. Wekeni saa: baada ya kazi za nyumbani, baada ya daftari, kabla ya rozari, na ikifika rozari mashine izimwe bila majadiliano. Wacheze wawili wawili, mkubwa na mdogo, ili mkubwa ajifunze kungoja. Waulizeni mnaowapiga ni nani, na kwa nini. Na mkiona sarafu ya kusagia unga imepotea, msiilaumu televisheni ya chogo iliyo ndani. Tokeni nje, mwende barazani mwa duka, mtazame ni nani amesimama mbele ya zile taa, na kama ni mwanao, mshike mkono urudi naye nyumbani.